Viwanda vya hatari na majirani zake: nani anamlinda nani?



Vita inapohamisha watu, kila jamaa hutafuta mahali penye barabara, penye maji, na penye ukuta wa kuegemeza hema. Mara nyingi mahali pa namna hiyo ni kando ya depo ya mafuta, nyuma ya stoo ya kampuni ya madini, au karibu na mtambo wa kusafisha maji. Hakuna anayewafukuza, kwa sababu hakuna mwingine aliyepataka.

Katika mikutano yetu na wahamishwa, swali moja hurudi: "Pale getini kuna askari usiku na mchana. Sisi tulio karibu, si tuko salama kuliko wengine?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake ni refu kidogo. Askari wa getini anaweza kuwa analinda mali tu. Anaweza pia kuwa ndiyo sababu ya kiwanda kushambuliwa. Katika makala hii tunaeleza namna viwanda vya mafuta na vya kemia vinavyolindwa sehemu mbalimbali za dunia, mahali ulinzi ulipofaa na mahali uliposhindwa, na jambo ambalo jamaa na viongozi wanaweza kufanya leo. Tungependa neno moja libaki kwa kila msomaji: bunduki ya getini ni sehemu ndogo tu ya ulinzi, na jirani aliyepewa habari ni sehemu kubwa.

Kinacholindwa ni nini?

Huku kwetu mashariki hatuna kiwanda kinachosafisha mafuta ghafi. Esanse na mazuti hutufikia yakiwa tayari, kwa makamiyo yanayotoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na kuwekwa katika depo za mijini. Lakini tuna vitu vingine vya hatari. Viwanda vya shaba na kobalti vya Katanga na Lualaba hutumia asidi ya salfa kwa wingi. Viwanda vikubwa vya dhahabu hutumia sianidi. Mitambo ya maji hutumia klorini. Vitu hivi vina faida, lakini vikitoka mahali pake huua.

Mafuta peke yake yametufundisha kwa machozi. Mwezi wa 1 mwaka 2002, siku chache baada ya lava ya Nyiragongo kuingia Goma, stesheni moja ya esanse ililipuka wakati watu walikuwa wanachota mafuta, na wapatao 50 wakafa. Tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 2010, kamiyo ya mafuta ilipinduka Sange, kwenye barabara ya Uvira na Bukavu. Watu wengine walikuja na vyombo kuchota, wengine walikuwa ndani ya vibanda wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ulipowaka uliwakuta wote. Zaidi ya watu 230 walikufa.

Misiba hiyo miwili haikuletwa na adui mwenye silaha. Tujiulize basi: kama bahati mbaya inaweza kufanya hivyo, mtu anayetaka kuua anaweza kufanya nini? Ndiyo maana ulinzi wa viwanda hivi ni jambo la amani na la raia wote, si la wenye kampuni peke yao.

Somo la Bhopal

Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 mwezi wa 12 mwaka 1984, mjini Bhopal, India, maji yaliingia katika tangi la kemikali ya kutengenezea dawa ya wadudu. Tangi lilichemka, na tani zipatazo 40 za sumu zikatoka kama gesi. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo zaidi ya 3,700, na watu zaidi ya nusu milioni waliumia macho, mapafu na viungo vingine. Wengi wao walikuwa maskini waliojenga vibanda karibu kabisa na ukuta wa kiwanda.

Kampuni ilidai kwamba mtu aliingiza maji kwa makusudi. Wachunguzi wengine walisema ni mitambo iliyochakaa na kutotunzwa. Mabishano hayo yalidumu miaka mingi. Kwetu sisi, tofauti ni ndogo. Mtambo wa kupoza tangi ulikuwa umezimwa. Mnara wa kuchoma gesi ulikuwa haufanyi kazi. Mtambo wa kuosha gesi haukuweza kuzuia wingi ule. Iwe adui, iwe ajali, mlango uliopitwa ulikuwa uleule: kiwanda kilichoacha kutunza vyombo vyake vya usalama.

Tena kuna jambo la pili. Majirani hawakujua ni kitu gani kilikuwa ndani ya yale matangi. Hawakujua king'ora kikilia maana yake nini, wala waelekee wapi. Wengi walikimbia upande uleule ambao upepo ulikuwa unapeleka gesi. Ukuta ulikuwepo na walinzi walikuwepo, lakini habari haikuwepo.

Hatari huingia kwa njia gani?

Tukitazama matukio ya miaka ya karibuni tunaona njia nne.

Ya kwanza ni shambulio la moja kwa moja. Mwezi wa 2 mwaka 2006, watu wa Al-Qaeda walijaribu kuingiza magari yenye baruti katika kiwanda kikubwa cha mafuta cha Abqaiq, Saudi Arabia. Walinzi waliwazuia kwenye mageti, na magari yakalipuka kabla ya kufikia mitambo mikubwa. Lakini tarehe 14 mwezi wa 9 mwaka 2019, kiwanda hicho hicho kilipigwa na ndege ndogo zisizo na rubani. Geti halikusaidia kitu, kwa sababu adui alipita juu. Karibu nusu ya mafuta ya nchi ile yalisimama kwa muda.

Ya pili ni kutekwa. Tarehe 16 mwezi wa 1 mwaka 2013, kundi lenye silaha liliingia katika kiwanda cha gesi cha In Amenas, Algeria, na kushika wafanyakazi mateka. Siku nne baadaye watu 40 wasio na hatia walikuwa wamekufa. Uchunguzi wa mojawapo ya kampuni zilizokuwa na hisa pale ulionyesha kwamba kiwanda kilitegemea mno jeshi lililokuwa nje jangwani. Jeshi lilipopitwa, ndani hakukuwa na kitu cha kutosha cha kumchelewesha adui. Hata hivyo, mlinzi mmoja alipiga kengele ya hatari kabla hajauawa, na mitambo ikazimwa. Kengele ile iliwapa wengine nafasi ya kujificha.

Ya tatu ni wizi. Mwaka 2007, nchini Irak, vikundi vyenye silaha vilichukua klorini, dawa ileile ya kusafisha maji ya kunywa, na kuilipua pamoja na baruti katikati ya watu. Wizi mdogo nao ni hatari: mtu anayetoboa bomba ili ajaze bidoni mbili, au anayeuza mapipa ya sianidi sokoni, amefungua mlango ambao yeye mwenyewe hawezi kuufunga.

Ya nne ni kuchoma wakati wa kukimbia. Mwezi wa 10 mwaka 2016, wapiganaji wa kundi la Dola ya Kiislamu, walipokuwa wanasukumwa kuelekea Mosul, walitia moto salfa ya kiwanda cha Mishraq. Moshi wa sumu ulisambaa vijijini, na watu wapatao 1,000 walipelekwa kutibiwa kwa shida ya kupumua. Njia hii inatuhusu sana sisi tunaoishi mahali ambapo miji hubadili mikono.

Ulinzi mzuri una safu nyingi

Mtu mwenye akili halindi nyumba yake kwa kufuli moja. Ana uzio, ana mbwa, ana mlango, na fedha hazikai mezani. Kiwanda nacho ni vivyo hivyo.

Safu ya kwanza ni kupunguza hatari yenyewe. Kitu ambacho hakipo hakiwezi kulipuliwa. Mjini Washington, Marekani, kiwanda cha Blue Plains kinachosafisha maji machafu kilikuwa na matangi ya gesi ya klorini yaliyoletwa kwa reli. Baada ya mashambulizi ya mwezi wa 9 mwaka 2001, wakuu wake waliharakisha kuiondoa gesi ile na kutumia klorini ya aina nyingine isiyosambaa hewani kwa urahisi namna ile.  Waliondoa sababu ya mtu kuja kushambulia.

Safu ya pili ni umbali: mitambo iwe mbali na uzio, na makazi yawe mbali na uzio. Safu ya tatu ni kuona mapema, yaani taa, doria na kengele. Safu ya nne ni kuchelewesha: milango imara, vizuizi vya magari, stoo zilizofungwa. Safu ya tano ni watu wa ndani: kujua nani ameajiriwa, nani ana ufunguo, na kuwalipa vizuri ili wasinunuliwe. Safu ya sita ni kuzima mitambo haraka. Safu ya saba ni majirani, polisi, hospitali na viongozi, wanaojua la kufanya kengele ikilia.

Mwaka 2007 Marekani iliweka utaratibu wa pekee wa jambo hili. Kila mahali penye kemikali za hatari kupita kiasi fulani palipaswa kuiarifu serikali. Penye hatari kubwa palipangwa katika ngazi 4, kisha pakatakiwa kuandika mpango wa ulinzi wenye kutimiza mambo 18, kuanzia uzio mpaka kompyuta, wizi na uchunguzi wa wafanyakazi. Mahali palipoondoa kemikali zake palitoka katika orodha. Muda wa sheria ile ulikwisha mwezi wa 7 mwaka 2023 na Bunge halikuuongeza, lakini mafundisho yake yangali yanafaa: kwanza ujue ulicho nacho, halafu upunguze, ndipo ulinde.

Ulinzi usigeuke kuwa hatari

Hapa kwetu lazima tuseme jambo lingine waziwazi. Mwezi wa 10 mwaka 2004, huko Kilwa, Katanga, waasi wachache waliushika mji uliokuwa bandari ya mgodi. Jeshi lilipourudisha, zaidi ya raia 70 waliuawa. Magari ya kampuni ya madini yalitumiwa na askari. Kampuni ilisema yalichukuliwa kwa nguvu. Miaka mingi baadaye, Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba serikali ya Congo ilibeba daraka, na ikaagiza wahanga walipwe fidia.

Somo ni hili: askari anayelinda mali bila kujua kwamba raia ni wa kulindwa pia, anaweza kuleta msiba kuliko ule aliotumwa kuuzuia. Ndiyo maana mwaka 2000 baadhi ya serikali, makampuni na mashirika ya raia waliafikiana kanuni za hiari juu ya usalama na haki za binadamu. Kanuni hizo zinataka kampuni ichunguze walinzi wake, izungumze na wenyeji, na iripoti maovu. Kiongozi wa mtaa ana haki ya kuuliza kampuni: je, ninyi mnazifuata?

Tunawaonya pia vijana. Asitokee mtu kuwaambia muunde kundi la kulinda depo kwa mapanga au bunduki. Raia akishika silaha karibu na kiwanda, kesho atahesabiwa kuwa mpiganaji, na kiwanda kitahesabiwa kuwa kambi.

Sheria ya vita na mapatano

Protokoli za mwaka 1977 za Mikataba ya Geneva zinakataza kushambulia mabwawa, kingo za maji na vituo vya umeme wa nyuklia, hata vikiwa na faida ya kijeshi, ikiwa shambulio litaachilia nguvu za kuua raia wengi. Viwanda vya kemia na vya mafuta havikutajwa katika orodha ile. Lakini havikuachwa bila kinga. Kitu cha kiraia hakishambuliwi, na kila upande unadaiwa kupima madhara kwa raia kabla ya kupiga. Utafiti wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu uliotolewa mwaka 2005 unasema kwamba uangalifu uleule unastahili viwanda vya kemia na vya kusafisha mafuta. Mitambo ya maji ya kunywa nayo ina ulinzi wake wazi katika protokoli.

Kinga hii hupungua kiwanda kikitumiwa kwa vita. Askari wakiweka mizinga yao nyuma ya matangi, wamewaweka majirani wote mbele ya risasi.

Sheria huwa na nguvu zaidi watu wakizungumza. Katika vita vya mashariki mwa Ukraine vilivyoanza mwaka 2014, kituo cha kusafisha maji cha Donetsk kilijikuta katikati ya mistari miwili ya mapigano. Kilikuwa na klorini, na maji yake yalinywewa na watu wapatao 345,000 wa pande zote mbili. Waangalizi wa shirika la usalama na ushirikiano la Ulaya walikuwa wakizungumza na makamanda wa huku na wa kule ili risasi zinyamaze kwa saa fulani, wafanyakazi waingie, watengeneze bomba, watoke. Mapatano yale hayakuwa kamili: mwezi wa 4 mwaka 2018 wafanyakazi 5 walijeruhiwa walipopigwa risasi ndani ya gari lao. Na vita vilipopanuka mwezi wa 2 mwaka 2022, mapatano yalivunjika. Lakini kwa miaka kadhaa watu walikunywa maji, na klorini haikumwagika. Hilo lilifanywa na maneno, si na bunduki. Machefu na wachungaji wetu wanaojua kuzungumza na pande mbili wanaweza kuomba jambo la namna hiyo kwa ajili ya mtambo wa maji au depo.

Kwa jamaa zinazoishi karibu

1. Kama mnaweza kuchagua, msijenge hema kando ya uzio wa depo au kiwanda, wala bondeni chini yake. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hukaa mitaroni, na unaweza kufikia mbabula iliyo mbali.

2. Mafuta yakimwagika, ondokeni na watoto, mwende mahali pa juu. Zimeni moto, msivute sigara, msiwashe piki-piki. Mtu asichote hata kikombe kimoja. Sange inatosha.

3. Mkisikia harufu kali inayochoma macho na koo, angalieni upepo kwa majani au nguo. Msikimbie kufuata upepo wala kuurudia. Ukateni kwa upande, kisha mpande juu, kwa kuwa gesi kama klorini hukaa chini. Kama hakuna njia ya kutoka, ingieni nyumbani, fungeni milango na madirisha, zibeni nafasi kwa vitambaa vya maji, na mfunike pua na mdomo kwa kitambaa chenye maji.

4. Asidi ikimgusa mtu, mvueni nguo zilizolowa, mwosheni kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, halafu mpelekeni hospitali. Msipakae mafuta wala majani.

5. Msinunue mapipa yaliyotoka viwandani kwa kuwekea maji au unga, hata yakiwa ya bei rahisi na yameoshwa. Msichanganye unga wa klorini na asidi, wala msiuweke pamoja na mafuta.

6. Mgeni akiwauliza walinzi hubadilishana saa ngapi, au kamiyo hufika siku gani, msijibu. Mwambieni kiongozi wenu kwa utulivu. Lakini msimshitaki mtu kwa sababu ya kabila au lugha yake. Uvumi nao umeua wengi.

Kwa viongozi

Baada ya Bhopal, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilianzisha mwaka 1988 mpango uitwao APELL, ambao unawakalisha pamoja kiwanda, serikali ya mtaa na wenyeji ili wajiandae kwa hatari. Hamhitaji mradi mkubwa ili kuanza. Ombeni kikao kimoja na mwenye depo au kiwanda, na mpeleke maswali haya matano: Kuna nini ndani, na kwa kiasi gani? Kikitoka kitatufikiaje? Kengele ya hatari inasikikaje? Tukimbilie wapi? Tumpigie nani usiku?

Msiombe siri za walinzi. Hizo hazina faida kwenu. Ombeni majibu ya maswali matano, muyaandike, na muyasome kanisani, msikitini na sokoni. Mchague watu wawili katika kila mtaa au kila safu ya mahema, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wa kupiga kelele ya hatari na kuhesabu watoto, wazee na walemavu. Fanyeni jaribio la kukimbia mara mbili kwa mwaka, wakati wa upepo wa kiangazi na wakati wa mvua. Kamanda mpya akifika, wa upande wowote, mwendeeni pamoja na wazee wa dini, mumwombe asiweke silaha wala askari wake ndani ya mahali pale.

Kampuni ikikataa kujibu, andikeni barua, mbaki na nakala, na mpeleke nyingine kwa msimamizi wa teritware na kwa vyama vya raia. Barua moja inaweza kukaa bila jibu. Mitaa kumi ikiandika swali lilelile, ni vigumu kunyamaza.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Hatuwezi kuhamisha viwanda vyote, wala hatuwezi kuzuia kila kombora. Lakini mtoto anayejua upepo unatoka wapi, mama anayejua njia ya kilimani, na chefu anayejua namba ya kupiga usiku, hao nao ni walinzi. Kikao na mwenye depo kinaweza kuombwa juma hili.